Kutoka ukumbi wa mkutano hadi mikoko ya Horohoro: maamuzi ya tabianchi yanavyotufikia, na yanapokwama

Horohoro ipo kwa sababu ya makubaliano yaliyofanyika mbali nayo. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana, bila kumwuliza Mdigo wala Msegeju yeyote, kwamba mstari wa kutenganisha maeneo yao uanzie mdomoni mwa mto Umba, uzunguke Kilimanjaro na kuishia Ziwa Viktoria. Haikupita miaka mingi mstari ule ukawa mawe ya mpaka, askari na ushuru, na hatimaye kituo cha forodha tunachokipita leo tukielekea Lunga Lunga na Mombasa. Tunaanza na habari hiyo kwa kuwa mara nyingi tunasikia ikisemwa kwamba makubaliano ya kimataifa ni maneno matupu yasiyofika kijijini. Yapo yaliyofika. Yalifika kwa sababu walioyatia sahihi walitaka yafike, wakaweka watu na fedha za kuyafikisha.

Makala haya yanahusu makubaliano ya aina nyingine, yale ya mabadiliko ya tabianchi. Karibu kila mwaka, mwezi wa Novemba, waamini wetu husikia redioni majina ya miji: Glasgow, Sharm el-Sheikh, Dubai, Baku, Belém. Husikia kwamba mataifa yamekesha yakijadiliana, kwamba tamko limepitishwa, kisha kimya. Waamini wa ukanda wa mpakani wametuuliza zaidi ya mara moja: yale maneno yamekwenda wapi? Ni swali la haki, na linastahili jibu lenye mambo mahsusi.

Kilichokubaliwa

Mzizi wa yote ni Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Mabadiliko ya Tabianchi wa mwaka 1992, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1996. Mikutano tunayoisikia, inayofupishwa kwa herufi COP, ni vikao vya nchi wanachama wa mkataba huo. Tarehe 12 Desemba 2015 kikao cha 21 kilizaa Makubaliano ya Paris: kuzuia joto la dunia lisipande kufikia nyuzijoto 2 juu ya lilivyokuwa kabla ya zama za viwanda, na kujitahidi lisizidi 1.5. Bunge letu liliyaridhia mwaka 2018. Kiti Kitakatifu nacho kilijiunga na mkataba na makubaliano hayo mwaka 2022, hivyo Kanisa si mtazamaji tu katika jambo hili.

Upande wa fedha historia haifurahishi. Mwaka 2009 nchi tajiri ziliahidi kwamba ifikapo 2020 zingekuwa zinatoa dola bilioni 100 kila mwaka kwa nchi zinazoendelea; kwa hesabu za nchi hizo zenyewe, kiasi hicho kilifikiwa mwaka 2022, na sehemu kubwa yake ni mikopo. Mwaka 2022, huko Sharm el-Sheikh, ulikubaliwa mfuko wa hasara na uharibifu, yaani fedha kwa ajili ya wale ambao madhara yamekwisha kuwafika. Mwaka uliofuata, siku ya kwanza ya mkutano wa Dubai, mfuko huo ulizinduliwa, na ahadi za mwanzo zilikuwa kama dola milioni 700 kwa ajili ya nchi zote maskini duniani. Huko Dubai pia, kwa mara ya kwanza, tamko la mwisho liliyataka mataifa yaanze kuondoka katika matumizi ya mafuta, gesi na makaa ya mawe. Mwaka 2024, Baku, lengo la fedha likapandishwa hadi dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035, ilhali nchi zinazoendelea zilikuwa zimedai dola trilioni 1.3. Na mwaka huo huo wa 2024 ulikuwa wa kwanza ambao joto la wastani la dunia lilipita nyuzijoto 1.5.

Mizani ya Baba Mtakatifu Francisko

Tarehe 4 Oktoba 2023, wiki chache kabla ya Dubai, Baba Mtakatifu Francisko alitoa Wosia wa Kitume Laudate Deum, akiendeleza yale aliyoyafundisha katika Waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015. Wengi wetu tulitegemea mafundisho ya kiroho kwa ujumla. Tulikuta sura nzima inayopitia mikutano hii mmoja mmoja, ikitaja wapi palipigwa hatua na wapi palishindikana. Alikusudia kwenda Dubai mwenyewe; ugonjwa ukamzuia, na hotuba yake ikasomwa na Kardinali Pietro Parolin.

Katika Wosia huo aliweka vigezo vya kupima makubaliano, navyo kwa maneno yetu ni hivi: yawe na matokeo, yafunge, na yafuatiliwe kwa urahisi. Tumeona vigezo hivi vinafaa kupimia hata uamuzi wa mkutano wa kijiji, na ndivyo tutakavyovitumia hapa. Tamko lisilofunga mtu yeyote, lisilo na namna ya kuhesabiwa, halitabadilisha kitu, liwe limepitishwa Belém au chini ya mwembe.

Ngazi za kushukia

Kati ya ukumbi wa mkutano na kijiji cha Wilaya ya Mkinga kuna ngazi kadhaa, na ni vema mwamini azijue, kwa kuwa mtu hawezi kudai haki asiyojua imekaa wapi.

Baada ya Bunge kuridhia, kila nchi huandika ahadi yake na kuipitia upya kila miaka 5. Katika ahadi iliyowasilisha mwaka 2021, Tanzania ilisema itapunguza gesi joto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, kulinganisha na hali ambavyo ingekuwa bila kuchukua hatua, kwa kutegemea msaada wa fedha na teknolojia. Ikumbukwe kwamba Afrika nzima inatoa takriban asilimia 4 tu ya gesi joto za dunia. Kwa hiyo kwetu sisi uzito zaidi umo katika sehemu ya pili ya ahadi hiyo, ile ya kuhimili: maji, kilimo, uvuvi, mikoko, nishati.

Kutoka hapo jambo huingia katika sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 haikuishia Dodoma. Inataka kuwe na kamati ya mazingira hadi ngazi ya kijiji. Uvuvi una vikundi vyake vya usimamizi wa rasilimali za pwani, vile tunavyoviita BMU. Kisha kuna Halmashauri ya Wilaya na bajeti yake. Ngazi ya mwisho kabisa ni Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao kwa sheria hukutana angalau mara moja kila miezi mitatu, na ambao kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wake.

Fedha nazo zina njia zake, na hazifuati ngazi hizo kila mara. Benki ya CRDB ilipata ithibati ya Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2019, na mwaka 2021 ukapitishwa mpango wa dola milioni 200 wa kuwakopesha wakulima teknolojia za kuhimili tabianchi. Ni mkopo, na mkulima asiye na kikundi wala kumbukumbu za hesabu haupati kwa urahisi. Njia nyingine tumeiona hapa hapa Tanga: mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga UWASA iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 ili kupanua huduma ya maji, ikawa mamlaka ya maji ya kwanza nchini kufanya hivyo. Fedha hizo ni deni litakalolipwa, wala hazikutoka katika ahadi ya Baku. Lakini chanzo chake cha maji, mto Zigi, kinategemea misitu ya Usambara Mashariki, na kwa hiyo mwekezaji wa Dar es Salaam leo ana sababu ya kutaka msitu wa Amani usikatwe. Hilo ni jambo jipya, na kwa maoni yetu ni jema.

Msitu mmoja, pande mbili

Tukiteremka kutoka barabara kuu ya Horohoro kwenda pwani ya Jasini, tunaingia katika mikoko ambayo haijui mpaka. Mto Umba huzaliwa katika Usambara yetu, hukatiza upande wa Kenya na kumwaga maji karibu na Vanga. Samaki wanaozaliwa katika mizizi ya upande mmoja huvuliwa upande wa pili. Hata familia ziko hivyo. Ndugu wa Jasini huzika Vanga na wa Vanga huolea Jasini.

Hata hivyo, msitu huo unaishi chini ya taratibu mbili. Upande wa Kaunti ya Kwale, wanavijiji wa Gazi na Makongeni walianzisha mradi wa Mikoko Pamoja, uliopata hati yake mwaka 2013 na kutambuliwa kuwa wa kwanza duniani wa aina yake: wanajamii wanaolinda mikoko na kuuza kaboni iliyohifadhiwa humo. Eneo ni hekta 117 tu, na kaboni inayouzwa ni takriban tani 3,000 kwa mwaka. Mapato si makubwa, ila yamevuta maji ya bomba na kununua vitabu vya shule, nao wanakijiji ndio huamua katika mkutano fedha itumike wapi. Mwaka 2019 mfano huo ulifuatwa na vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu kwa zaidi ya hekta 400. Jimbo ni pale mpaka unapogusa bahari. Mtu akisimama upande wetu wakati maji yamekupwa, anauona msitu wao.

Upande wetu mikoko ni hifadhi ya Serikali chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kuingia makubaliano ya usimamizi wa pamoja. Kanuni za biashara ya kaboni zilitolewa mwaka 2022, na kipo Kituo cha Taifa cha Kufuatilia Kaboni katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Wahadzabe wa bonde la Yaeda na vijiji vya Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi wamekwisha kupata mapato kutokana na misitu yao. Mlango basi upo kisheria. Tofauti ni kwamba ng'ambo watu waliunda chama cha wanajamii wa msitu, wakafunga mkataba na mamlaka ya misitu, na watafiti wa bahari wa Kenya wakawafundisha kupima. Kazi hiyo ilitangulia fedha kwa miaka.

Tunapaswa kuwa waangalifu hapa. Katika Laudato Si', kifungu cha 171, Baba Mtakatifu Francisko alionya kwamba biashara ya kaboni inaweza kuzaa ulanguzi wa aina mpya na kumpa mchafuzi kisingizio cha kuendelea kuchafua. Onyo hilo linamhusu mnunuzi kuliko mwanakijiji wa Gazi, lakini nasi linatugusa: kijiji kisitie sahihi mkataba wa miaka mingi kwa lugha kisichoielewa, kwa bei kisichoijua, na mtu aliyefika kwa gari siku moja. Atakayekuja na karatasi ya namna hiyo aulizwe kwanza kama amesajiliwa, na mkataba usomwe kwa Kiswahili mbele ya mkutano mkuu.

Na hata kabla ya kuuza chochote, mikoko iwepo. Hapa tuna la kukiri. Mwaka mmoja, katika Kipindi cha Kazi ya Uumbaji kinachoanza Septemba 1 hadi Oktoba 4, tulikwenda pwani na vijana wa VIWAWA na akina mama wa WAWATA, tukapanda miche mingi ya mkoko kwenye tope tupu lililotazama bahari. Tuliimba, tukapiga picha, tukarudi. Bamvua mbili baadaye hapakuwa na kitu. Mzee mmoja wa Kidigo, Mwislamu, aliyekuwa ametutazama siku ile bila kusema neno, alitueleza tulipomwendea:

“Padri, pale mbele hapakuwa na mikoko tangu nizaliwe. Pale ni pa mililana na michu, ndiyo inayostahimili mawimbi. Mkoko unakaa nyuma yake.”

“Mzee wangu, mbona siku ile hukutuambia?”

“Hamkuniuliza.”

Alikuwa na haki. Wataalamu wanasema vivyo hivyo: kila aina ya mti wa mikoko ina mahali pake kulingana na kina cha maji, na mahali pengi msitu hurudi wenyewe ikiwa maji yanaruhusiwa kuingia na kutoka, hasa palipozibwa kwa mashamba ya chumvi. Tangu hapo hatuhesabu miche iliyopandwa; tunahesabu iliyo hai baada ya masika mawili. Ndicho kigezo cha tatu cha Laudate Deum, nacho kilitufikia kwa mdomo wa jirani asiyekuwa wa dini yetu. Pwani hii wengi wa wanaoijua bahari ni Waislamu, na mpango wowote wa parokia usiopitia kwao ni wa kujidanganya.

Jikoni kwetu

Huko Dubai, Desemba 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa kuwasaidia wanawake wa Afrika kupata nishati safi ya kupikia. Mei 2024 ukazinduliwa mkakati wa Taifa wenye lengo kwamba asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Kabla ya hapo Serikali ilikuwa imeagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa ifikapo Januari 31, 2024.

Agizo hilo linatugusa sisi moja kwa moja. Kanisa lina shule za bweni, seminari, nyumba za malezi na hospitali. Hakuna anayepika maharage ya vijana wengi kuliko sisi. Yako majiko yetu yaliyobadilishwa kwa gesi au kwa mkaa mbadala, na yako ambayo hadi leo lori la kuni huingia getini asubuhi. Si haki kwa padri kuhubiri juu ya Belém Dominika, kisha Jumatatu asaini hati ya malipo ya kuni za mwituni. Wanaosema gesi ni ghali wasikilizwe, maana wanasema kweli: gharama ya kufunga mitungi mikubwa huja kwa mkupuo, wakati kuni hulipwa kidogo kidogo. Lakini mpishi anayekohoa mbele ya moshi kwa miaka 20 naye analipa, ila malipo yake hayaandikwi kwenye daftari la mhasibu. Tena gesi yenyewe ni mafuta ya visukuku. Tunaipokea kama hatua, kwa kuwa mapafu ya mama huyo hayawezi kusubiri.

Bomba la Chongoleani

Hatuwezi kuandika juu ya tabianchi kutoka Tanga na kunyamazia bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, na kuishia Chongoleani. Tamko la Dubai linasema dunia ianze kuondoka katika mafuta. Bandari yetu inajiandaa kuyasafirisha. Wapo waamini wetu waliopata ajira ya kuchomelea, ya udereva, ya ulinzi, na hatumwambii yeyote kati yao kwamba mkate wake ni dhambi. Wala hatukubali kufundishwa uadilifu na mataifa yaliyojitajirisha kwa mafuta kwa zaidi ya karne na yanayochelewesha fedha yaliyoahidi. Lakini hoja hiyo haitatuponya, kwa maana bahari inayopata joto haiulizi nani alianza. Akina mama wanaolima mwani wamekwisha kuona aina ya bei nzuri ikioza maji yanapopata joto, wakabaki na ile ya bei ndogo. Tunachoweza kudai kwa sauti moja ni kwamba mapato ya bomba yaonekane katika ulinzi wa pwani ile ile inayobeba hatari ya mafuta kumwagika, na kwamba wavuvi wa Chongoleani hadi Moa wajue mpango wa dharura ni upi kabla meli ya kwanza haijapakia.

Yanayowezekana kabla ya mkutano mwingine

Kwa jumuiya ndogo ndogo za ukanda huu tunapendekeza mambo ya karibu. La kwanza ni kwenda katika Mkutano Mkuu wa Kijiji na kuuliza kama kamati ya mazingira ipo, wajumbe wake ni nani, na ilikutana lini mara ya mwisho. Katika vijiji vingi kamati hiyo ni majina tu. Mwamini anayejitolea kuingia humo anafanya utume halisi kama anayesoma somo altareni.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1, na mapendekezo ya vijiji hukusanywa miezi mingi kabla. Kijiji kinachotaka mfereji wa maji ya mvua, kitalu cha miche au mkataba wa kusimamia mikoko pamoja na Wakala wa Misitu kikichelewa kuandika, kitasubiri mwaka mzima. Aidha, Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha mwani, cha ufugaji nyuki katika mikoko au cha majiko banifu kinaweza kuomba, mradi kimesajiliwa na kina katiba na akaunti.

Wanaoishi karibu na Jasini, na wenye ndugu ng'ambo, tunawasihi wavuke. Wakae siku moja na wanachama wa msitu wa Vanga, wawaulize walianzaje, nani aliwapimia, mkataba wao unasema nini, na ni kitu gani wangefanya tofauti. Safari hiyo haihitaji mfadhili. Inahitaji hati ya kusafiria kituoni Horohoro, nauli ya bodaboda, na daftari la kuandikia majibu, ambayo tungependa yasomwe katika jumuiya kabla ya kikao kijacho cha kijiji.